Siku Tatu Katika Mji wa Magadi

Mama msomaji, bila shaka unayo magadi jikoni mwako, au kama wewe huna, mama yako alikuwa nayo. Ni kipande cheupe kilichofungwa kwenye karatasi na kuwekwa karibu na kopo la chumvi, kikisubiri siku ya maharagwe makavu au ya mboga chungu za kienyeji. Tumekitumia tangu tulipofundishwa kupika. Hatukuwahi kujiuliza ni nani anayeishi mahali kinapotoka.

Ndipo mwaka jana dada yetu mmoja, tuliyeimba naye kwaya kabla hajaolewa, akatupigia simu. "Mmeniahidi kunitembelea kwa miaka 22," alisema. "Sasa mzee wangu anastaafu mwezi wa Desemba. Msipokuja kabla ya hapo hamtanikuta. Nyumba hii ataingia mtu mwingine." Tulicheka naye, lakini simu ilipokatika tuliona aibu. Magadi ni kama kilomita 120 tu kutoka Nairobi. Harusi za watu tumezifuata hadi Mombasa, na Magadi ikatushinda!

Basi tukafunga safari siku ya Ijumaa, akina mama wanne, kila mmoja akiwa ameacha maagizo nyumbani: nani ataamsha watoto, mboga gani ipikwe siku gani, kuku wafungiwe saa ngapi. Tulipofika Kiserian tukapata matatu ya kwenda Magadi, tukajibana kiti cha nyuma na vikapu vyetu. Mahali panapoitwa Kona Baridi upepo ulikuwa mkali hata tukajifunga leso mabegani. Kutoka hapo barabara inashuka Bonde la Ufa, inashuka, inashuka tena, na kila baada ya vilima vichache tulivua kitu kimoja: kwanza leso, kisha sweta, mwishowe viatu. Miti mikubwa ilituacha, tukabaki na migunga na vumbi jeupe. Tulipita Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walichimbua mashoka ya mawe katika miaka ya 1940. Mashoka hayo yamelala hapo tangu mamia ya maelfu ya miaka. Tungependa kushuka tuyaone, lakini dereva alikuwa na haraka zake.

Kisha tukapanda kilima cha mwisho, na chini yetu tukaliona ziwa.

Mmoja wetu alidhani ni barafu. Ni uwanda mweupe unaong'aa mpaka macho yanauma, na katikati ya weupe huo kuna mabaka ya waridi, kama uji uliotiwa rangi. Hakuna mawimbi, wala mashua ya mvuvi. Mama mzee katika safari yetu alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Hapa ndipo mke wa Lutu angepatana na wenzake." Abiria wote walicheka, hata dereva.

Kwenye kizuizi cha kuingilia mjini mlinzi alituuliza tunakwenda kwa nani. Tulimtaja mwenyeji wetu, akatabasamu na kutuelekeza bila kutazama popote. Mji ni mdogo, na kila mtu anajua mwenzake anafanya kazi idara gani na anaishi mtaa gani.

"Bwana Yesu asifiwe, dada zangu!" Mwenyeji wetu alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji mkononi. Hakutukumbatia kwanza, alitunywesha kwanza. Baadaye tulielewa kwamba huko ndiko kumkaribisha mgeni. Ziwa limewazunguka, lakini hakuna tone moja la kunywa ndani yake. Maji matamu huletwa kwa bomba kutoka milima ya Nguruman, ng'ambo ya pili ya ziwa upande wa magharibi, na bomba likipata hitilafu mji mzima huangalia mapipa yake.

Kukaa katika nyumba ya Magadi ni kujifunza utunzaji wa nyumba upya. Mafuta ya kupikia, yale ambayo sisi Nairobi huyachota kwa kijiko, kule hayagandi kamwe. Mishumaa hupinda ndani ya droo. Nguo ukizianika, unapomaliza kuanika ya mwisho ile ya kwanza imeshakauka. Chuma huliwa na kutu upesi kwa sababu ya vumbi la magadi, kwa hiyo mwenyeji wetu huhifadhi sufuria zake ndani ya mfuko. Usiku alitupa kila mmoja shuka iliyoloweshwa maji na kukamuliwa, akatuambia tujifunike haraka tupate usingizi kabla haijakauka. Maji ya kuoga hayamwagwi: humwagiliwa mwarobaini ulio nyuma ya nyumba, alioupanda mwaka alipozaa kifungua mimba wake. Sasa kifungua mimba huyo yuko chuo kikuu, na mti umepita paa.

Kazi yenyewe tulielezwa na mzee wa nyumba tulipokuwa tukinywa chai. Chemchemi za maji moto yenye chumvi hutoka kandokando ya ziwa, maji hayana njia ya kutokea, jua linayakausha, na magadi yanabaki yakiwa yameganda, mahali pengine kwa unene wa makumi ya mita. Mashine kubwa inayoelea huyakata, yanasagwa na kusukumwa kwa bomba hadi kiwandani pamoja na maji, yanaoshwa, kisha yanachomwa. Kinachobaki ni unga mweupe ambao viwanda vya kioo na vya sabuni huutaka. "Ile chupa unayonunulia watoto soda," alisema, "kuna magadi ndani ya kioo chake." Tulikuwa tunafikiri mji mzima unaishi kwa ajili ya maharagwe yetu.

Mji huu ulizaliwa na kazi hiyo. Wamaasai waliyajua magadi zamani, wakiwapa mifugo yao kulamba na kuyachanganya na tumbaku. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, mwaka uleule uliotiwa sahihi mkataba wa pili wa kuwahamisha Wamaasai kutoka Laikipia kuja kusini. Reli ya tawi ikajengwa kutoka Konza, ikipita Kajiado, ili mzigo ufike bandari ya Mombasa. Tangu mwaka 1926 kampuni ikawa chini ya ICI ya Uingereza, na mwaka 2005 ikaingia katika mikono ya Tata ya India. Wenye mali wamebadilika, lakini utaratibu wa mji umebaki uleule. Kampuni ndiyo iliyojenga nyumba, hospitali, shule, klabu na mabomba. Kama ilivyo katika miji yote ya namna hii, ukionyeshwa nyumba ya mtu unaweza kukisia cheo chake.

Na kiwanda hakilali. Kuna zamu ya mchana na zamu ya usiku, na akina mama ndio wanaozibeba zamu hizo mgongoni. Baba anapolala mchana, watoto hufundishwa kucheza bila sauti. Tuliona watoto wanne wakicheza mpira kwa kunong'ona! "Goli," alisema mmoja, kama mtu aliye kanisani. Mwenyeji wetu hupika chakula kikuu saa kumi jioni wiki moja, na saa moja asubuhi wiki nyingine, na kwa miaka 22 hajawahi kuchanganya.

Jambo moja lilitushangaza, nasi tulichelewa kulitambua. Jioni ya kwanza tulitembea mjini. Tuliona vijana, akina baba, akina mama wajawazito, watoto wengi sana. Mama mzee wetu ndiye aliyesema, "Mbona mimi ndiye bibi kizee peke yangu hapa?" Tukatazama. Ilikuwa kweli. Watoto walikuwa wakimkodolea macho, na mmoja akaja kumgusa mkono ngozi yake ilivyojikunja.

"Wazee hawakai hapa," mwenyeji wetu alitueleza. "Mtu akistaafu anarudisha ufunguo. Sisi tunazaa bila mama zetu, tunalea bila nyanya." Alipojifungua mara ya kwanza, hakujua jinsi ya kumkanda mtoto wala kumcheulisha. Jirani, aliyekuwa amemzidi miaka 6 tu, ndiye aliyekuja kumwogesha mtoto siku 40, akampikia uji, akamfokea alipolia bila sababu. Jirani huyo alitoka kabila jingine na kanisa jingine. Mwaka uliofuata mwenyeji wetu naye akaenda kumwogesha mtoto wa mke wa fundi mgeni, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Wamejitengenezea nyanya kutoka kwa wasichana. Watoto wao huzungumza Kiswahili, ukiwauliza kwao ni wapi wanasema Magadi. Lakini ardhi ni ya Wamaasai tangu zamani, na nyumba ni ya kampuni.

Jumamosi tulikwenda kwenye chemchemi, upande wa kusini. Maji mengine hutoka yakiwa moto sana, lakini mbele kidogo hupoa na watu huja kuoga kwa ajili ya maumivu ya viungo. Wamo samaki wadogo wa jamii ya ngege, wanaogelea katika maji ambayo sisi hatungeweza kutumbukiza kidole kwa raha. Wanawake wa Kimaasai walitandika shanga zao karibu nasi. Mmoja, mwenye mtoto mgongoni, alitufundisha mahali pa kukanyaga, kwa maana ukoko wa magadi hudanganya: juu mgumu, chini tope. Tulinunua shanga, tukajaribu kubishana bei, tukashindwa vibaya.

Heroe, wale ndege wa waridi ambao wengi huwaita flamingo, walikuwa wamesimama kwa mbali. Mwaka 1962 Ziwa Natron, ambako huzalia, lilijaa maji, wakaja kuzalia Magadi kwa wingi usio na kifani. Vifaranga walipotembea katika maji haya, magadi yaliganda miguuni mwao yakawa kama pingu, wasiweze kwenda. Watu walijitolea wakaingia ziwani katika jua hilo na kuvunja pingu hizo, kifaranga kimoja kimoja, maelfu kwa maelfu. Tulisimama tukitazama weupe ule na kujaribu kuwaza ni akina nani walioweza kufanya hivyo hata kwa saa moja. Sisi tulikuwa tumekaa nusu saa na tayari mmoja wetu alikuwa anaona kizunguzungu.

Usiku huo mzee wa nyumba alikuwa kazini. Tulitoa mikeka nje, tukalala chali tukizitazama nyota na taa za kiwanda. Hapo ndipo maneno yalipotoka.

Yalianza kwa swali dogo: Desemba mtakwenda wapi? Mwenyeji wetu hakujibu. Ndipo mwenzetu mmoja, ambaye tumemfahamu miaka mingi bila kujua habari hii, akaanza kusimulia. Naye alilelewa katika nyumba ya mgodi, mbali na hapa, mahali ambapo hatutapataja. Alikuwa na miaka 11 baba yake alipofariki. Baada ya mazishi mama yake alipewa barua: arudishe ufunguo katika siku 30. Hawakuwa na nyumba popote, kwa sababu baba yao alikuwa akisema siku zote kwamba wataanza kujenga mwaka ujao. Mama yao alifungua mapazia, akafungua hata kamba ya kuanikia nguo, akaikunja. Walikwenda kijijini kwa baba, ambako watoto hawakujua lugha, wakalala katika jiko la ami yao kwa miaka 2. "Watu hudhani nilimlilia baba," alisema. "Nilimlilia. Lakini usiku nilikuwa naota ule mlango wetu wa kijani."

Kimya kikawa kirefu. Kisha mwenyeji wetu akaingia ndani, akarudi na bahasha iliyozungushiwa plastiki mara tatu. Ilikuwa hati ya shamba, kiwanja cha futi 50 kwa 100, huko Kajiado. Alikuwa amekinunua kwa fedha za chama chao cha akina mama na za maandazi anayowauzia watu wa zamu. Miaka 9 ilikuwa imepita. Mume wake hakujua.

Mzee wake anataka kurudi kwao, magharibi, kwenye ardhi ya baba yake iliyogawanywa kwa ndugu watano. Amesema atajenga huko akipata malipo yake ya kustaafu. "Nimemwambia mara nyingi tuanze mapema. Ananijibu kwamba mwanamke hamfundishi mwanamume kwao," alisema. "Sikatai kwenda kwao. Lakini malipo yakiisha kabla ya paa?"

Hatukukubaliana, na hatuoni haya kusema hivyo. Mama mzee alisema wazi kwamba siri ya namna hiyo kati ya mume na mke ni nyufa katika ukuta, na ingawa nia ni njema, miaka 9 ni mingi. Yule aliyelala jikoni kwa ami yake alisema anyamaze, hati aitie chini ya godoro mpaka siku ya shida. Sisi wengine wawili tuliyumba huku na huku. Kwa maoni yetu mama mzee alikuwa na haki. Lakini tulipomtazama mwenzetu akishika ile bahasha kana kwamba ni yake, tulikosa maneno ya kumjibu. Tuliomba pamoja, kwa ufupi, kisha shuka zikaloweshwa tena.

Jumapili ibada ilianza mapema kwa sababu ya joto. Nyimbo zote ziliimbwa kwa Kiswahili, na kwaya ya watoto ilitufurahisha sana. Mzee wa nyumba alitoka zamu, akaoga, akaja moja kwa moja kanisani, akasinzia wakati wa matangazo. Hakuna aliyemlaumu.

Baada ya chakula tulikuwa tunafunga vikapu tuliposikia sauti zao nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini. Hatukusikia maneno. Ilikuwa sauti yake mama, ndefu, kisha kimya, kisha sauti ya mzee mara moja tu, kubwa kidogo, kisha kimya tena. Tulikunja nguo zilezile mara mbili na mara tatu ili tusitoke. Watoto wa jirani waliokuwa wakicheza wakanyamaza wenyewe, maana wamezoea.

Mwenyeji wetu aliingia macho mekundu, akatufungia kila mmoja magadi kwenye gazeti. "Msitie mengi, mboga itapoteza nguvu yake," alisema, kama mtu ambaye hakulia. Hatukumwuliza chochote.

Mzee mwenyewe ndiye aliyetusindikiza hadi kituoni, akibeba kikapu kizito kuliko vyote. Njia nzima hakusema neno. Tulimwaga kwa heshima, nasi tukidhani ametukasirikia, kwamba tumekuja kula chakula chake na kuvuruga nyumba yake. Matatu ilikuwa imeshawasha moto alipoinama dirishani, akamwita yule mwenzetu ambaye mume wake ni fundi wa kujenga.

"Mama," alisema, "lori moja la kokoto kutoka Nairobi mpaka Kajiado, siku hizi ni shilingi ngapi?"

Mwenzetu alimwambia. Alitikisa kichwa, akatoa kalamu katika mfuko wa shati, akaandika kwenye kiganja cha mkono wake.